Mkwe Aliyesubiri Sehemu ya Pili

Kama wewe ni mgeni hapa, vuta kigoda, nikusimulie haraka yaliyopita.

Mimi ni Jescah, mjane wa Shinyalu, muuza njugu niliyepewa maikrofoni. Sinema za kizungu zikionyeshwa kwenye banda la Lazarus pale sokoni, mimi ndiye ninayezisema kwa Kiswahili. Kiingereza sijui. Kile kidogo nilichopewa darasa la saba nilikiacha kwenye dawati, wengine wakitumie. Nikiona mzungu anasonga midomo, nampa maneno. Watu wanacheka, wanalia, Jumapili wanarudi.

Binti yangu Beldina yuko kwangu na sanduku lake tangu tulipomzika babake. Mumewe, Wangila, fundi wa mawe, alifika mazishini tukiwa tunakunja hema. Jeneza la mzee wangu lilishuka hakuna mkwe. Beldina akakataa kurudi kwake, Wangila akakataa kumfuata.

"Alitoka kwa miguu yake, atarudi kwa miguu yake," akasema.

Sasa nyinyi mtaniuliza, wewe mama mzima, kwa nini usimwite huyo kijana umsemeshe?

Nimsemeshe? Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja. Hawaangaliani usoni, hawapeani mkono. Nikimwona anakuja njiani naingia kwenye mahindi ya watu. Nambari yake ya simu ninayo, nimeihifadhi kwa jina la "Yule", na sijawahi kuipiga. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba mkewe analia akikoroga uji?

Lakini Wangila anapenda sinema kuliko chakula. Na kwa sababu mimi niko ndani ya banda, yeye hawezi kuingia. Basi kila Jumapili anapindua jerikeni lake la njano huko nyuma, anakaa juu yake, anaegemeza mgongo kwenye mabati na kusikiliza. Sinema zote za yule mwana wa mfalme anayepanda joka, Wangila amezisikia. Hajaona hata moja. Ikiisha, jerikeni linalia kwo! nami najua mkwe ameinuka.

Hapo ndipo shetani akaninong'oneza. Nikajiambia, Jescah, umepewa ukuta na spika, unangoja nini tena?

Kwenye sinema ile kulikuwa na mwanamke mwenye nguo nyekundu, anaishi ngomeni, na kila akimwona mwana wa mfalme ananuna. Nikatangaza kwamba ni mkewe, amerudi kwao kwa hasira. Sinema baada ya sinema nikamtia yule kijana majuto. Akitazama mlima, nasema anamkumbuka mkewe. Akinoa upanga, nasema anatafuta namna ya kuomba msamaha. Mwishowe jirani yangu Muhonja, ambaye ndiye mjumbe wangu kwa mkwe, akaniletea neno.

"Wangila amesema hivi, vile mwana wa mfalme atafanya, na yeye atafanya."

Nilicheza kwenye jiko langu peke yangu. Ilibaki sinema moja tu, ya mwisho. Na hapo ndipo wiki iliyopita niliwaachia.

*

Jumapili banda lilijaa hadi watu wakakaliana mapajani. Nyuma ya mabati nikasikia jerikeni likipinduliwa. Sawa. Mkwe amefika.

Sinema ikaenda vizuri kabisa. Vita, moto, mfalme mzee akafa, nikamlilia kidogo. Halafu mwana wa mfalme akapanda joka akaenda moja kwa moja hadi kwenye ile ngome. Akashuka. Akasimama langoni. Akafungua mdomo.

Nikashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Mke wangu," nikasema kwa sauti nzito, "nimekuja. Siku ya msiba wa babako nilichelewa. Sikutaka kuchelewa. Nimekuja na kuku, nimekuja na maneno. Nifungulie."

Mama mmoja akapenga kamasi.

Kwenye shuka tunayoonyeshea sinema, lango likatikisika. Mwana wa mfalme akainua uso.

Shuka ikawa nyeusi.

Tukadhani stima imepotea. Lakini majina ya wazungu yakaanza kupanda, moja juu ya lingine, na muziki.

"Kukhu!" akanipigia kelele Kibiwott, muuza viatu wa sokoni; kukhu ni bibi kwa Kiluhya, ndivyo banda zima linavyoniita. "Amefunguliwa ama hajafunguliwa?"

"Washa, Lazarus!"

"Rudisha nyuma!"

Lazarus akasimama mbele ya shuka, majina yakawa yanapanda kwenye tumbo lake.

"Watu wangu, tulieni. Hii hadithi ya mwisho wameigawa. Hii ni sehemu ya kwanza. Ya pili ni mwaka ujao."

"Nani ameigawa?"

"Wenye sinema."

"Na sisi wametuuliza?" Kibiwott akasimama. "Mtu anakukaribisha kwake, anakupa obusuma, ugali mtupu, mboga anasema urudi mwaka ujao!"

Kelele zikapanda hadi mabati yakatetemeka. Mimi nilikuwa nafikiria mgongo mmoja tu, ule ulioegemea kule nyuma. Sinema imezima, lakini mimi sijazima. Nikaweka maikrofoni mdomoni.

"Msiondoke! Lango linafunguliwa pole pole, kwiii... Na anayetoka ni..."

Sauti ikakatika. Nikageuka. Lazarus amechomoa waya.

"Lazarus, rudisha huo waya."

"Mama Beldina, ukimaliza leo, mwaka ujao watakuja kuona nini?"

"Watakuja kuniona mimi."

"Wewe wanakuonanga bure sokoni."

Tukavutana, mimi huku, yeye kule, waya katikati. Yeye ni kijana na mimi ni mifupa. Nikiwa bado nimeshika, nikasikia kule nyuma.

Kwo!

Mkwe ameinuka.

*

Asubuhi Muhonja akaingia bila hodi, kama kawaida yake, akajimiminia chai.

"Nimemwona Wangila. Amesema atasubiri."

"Atasubiri nini?"

"Sehemu ya pili."

"Muhonja, usinichezee. Si ni mwaka ujao?"

"Ndiyo mwaka ujao. Amesema mwana wa mfalme bado yuko langoni. Sasa yeye ataingiaje na mwenzake bado hajaingia?"

Nikakaa chini. Nilikalia njugu za watu, nikasikia zikivunjika, nisiinuke.

"Rudi umwambie mwisho mimi ninaujua. Aliingia, akakula, akarudi na mkewe."

Muhonja akaenda, akarudi kabla chai haijapoa, amefura kwa hasira.

"Amekataa. Amesema hadithi hataki kuipata kwangu, eti mimi naongezanga."

"Si unaongezanga?"

"Jescah! Na wewe?"

Nikamwongezea sukari kwenye chai.

Jioni hiyo Beldina akaja na beseni la mboga, akakaa mbele yangu, akaanza kuchambua bila kuniangalia. Mtoto wako akikosa kukuangalia, jua ana neno.

"Mama, Kiprono amepiga simu. Watu wake wanakuja Jumamosi kuniposa."

Kiprono ni mwanaume wa Mautuma aliyefiwa na mke, ana mahindi kwenye ile ardhi iliyokuwa ya mzungu. Nimemtafutia kasoro nikachoka. Hanywi, hapigi kelele, anasalimia hadi watoto. Shida ya Kiprono ni kwamba hana shida.

"Umemkubali?"

"Alikuja mazishi ya baba."

"Watu wengi walikuja."

"Alikuja mapema, mama. Hata hakuwa mtu wetu. Alijuana tu na baba kwa mambo ya mbegu. Akabeba jeneza pale ambapo mume wangu angebeba."

"Wangila alikuwa analeta ng'ombe wa matanga. Lori lilimharibikia njiani kutoka Butere. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua." Akavunja jani katikati. "Mimi sijaambiwa."

"Wanaume huona haya kujitetea kwenye msiba."

"Msiba umekwisha. Ana mdomo, si autumie? Asipokuja kabla ya Jumamosi na maneno yake mwenyewe, mimi nitawapokea watu wa Kiprono. Na nikishawapokea, mama, usiniambie tena habari za Wangila."

Akainuka na beseni lake. Nikabaki nikiangalia vijiti vya mboga.

Nilimwendea Lazarus. Nikamwomba afungue banda siku ya katikati ya juma, nimalizie maneno bila sinema hata. Akacheka.

"Kwa hivyo watu waje waangalie shuka?"

"Waje wasikilize."

"Mama, nimeshaandika pale mlangoni: Je, lango litafunguliwa? Hiyo ndiyo chakula yangu ya mwaka mzima. Niache."

Kweli ameandika. Kwa rangi nyekundu.

*

Siku iliyofuata Adhiambo akaja kununua njugu. Huyu ni msichana wa chuo kikuu, amepanga chumba hapa kwa sababu mjini Kakamega vyumba ni bei. Kila Jumapili anakaa mstari wa mbele na kucheka mahali ambapo wengine wanalia. Nilikuwa nikidhani ni ugonjwa.

"Kukhu, ile ya Jumapili uliniua. Kuku! Eti nimekuja na kuku!"

"Kwani alisema nini?"

"Wewe unataka kujua kweli?"

"Sema."

"Kwanza, yule mwanamke si mkewe. Ni dada yake."

Njugu zikaniponyoka.

"Dada?"

"Wa tumbo moja. Wanagombania kiti cha baba yao. Na pale langoni alisema hivi: Toka nje, ama nitachoma nyumba hii na kila aliye ndani."

"Na mimi nikasema nifungulie."

"Na kuku!" Akashika mbavu.

Nikacheka naye kidogo, maana sinema ni sinema. Halafu akaongeza jambo jingine.

"Hata yule fundi anayekaa nyuma kwa jerikeni aliniuliza. Jumapili tukitoka. Eti, dada, wewe unasikia Kiingereza, mwana wa mfalme alisema nini hasa? Nikamwambia."

"Ulimwambia lipi?"

"La kweli."

"La kuchoma nyumba?"

"Si ndilo?"

"Na yeye akasema?"

"Hakusema kitu. Alichukua jerikeni lake akaenda."

Adhiambo akaondoka na njugu zake, anatafuna kama mtu ambaye hajafanya lolote. Na kweli hajafanya. Mimi ndiye nimekaa Jumapili baada ya Jumapili nikimfundisha mkwe wangu kufuata mwana wa mfalme hatua kwa hatua, bila kujua mwenyewe mwana wa mfalme anaenda wapi.

Ijumaa Muhonja akashuka kwenye boda mlangoni kwangu, kofia ya kuazima bado kichwani.

"Jescah, nimemwona Wangila pale kwa petroli."

"Na pikipiki?"

"Ana pikipiki gani yule? Na jerikeni."

"Alikuwa anajaza?"

"Nitajuaje? Boda haikusimama. Nimemwona amesimama nalo, basi."

"Labda alikuwa anapita."

"Labda," akasema Muhonja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza.

Ningefanya nini? Ningeenda kwa mzee wa mtaa niseme nini? Kwamba nilimwambia mkwe wangu aombe msamaha, msichana wa chuo akamwambia achome nyumba, na sote wawili tumetoa kwenye sinema moja? Ningemwambia Beldina? Angeuliza ni kwa nini nilikuwa nikisema na mumewe kwa njia ya joka.

Nikachukua simu. Nikatafuta "Yule". Nikabonyeza. Ikalia mara moja, nikakata.

Hakunipigia. Mkwe mwenye adabu hampigii mama mkwe. Nikamlaani kwa adabu yake.

*

Jumamosi tulichinja ingokho, yule jogoo mwekundu wa mzee. Beldina alivaa gauni la bluu na kitambaa cha kanisani. Alikuwa mzuri hadi nikakasirika. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena, macho yangu barabarani.

Wageni walikuwa wa saa sita. Kabla yao nikaona kichwa kikija juu ya ua, pole pole, kama mtu anayekwenda kwa daktari wa meno.

Wangila.

Nikaingia jikoni mbio, nikafunga mlango, nikaweka jicho kwenye ufa, Beldina nyuma yangu akikata vitunguu. Amevaa koti. Mkono wa kushoto hauna kitu. Wa kulia una jerikeni la njano.

Kuku hana.

Nikatazama ule mkono nione kama jerikeni limejaa. Mafundi wa mawe wana mikono ambayo haikuambii kitu. Anabeba tofali na kikombe vile vile.

"Beldina," nikanong'ona, "njoo huku nyuma. Tokea huku nyuma, uende kwa Muhonja."

"Kwa nini?"

"Nenda tu!"

Badala ya kwenda akaja kwenye ufa, akanisukuma kwa bega, akaona. Akabaki hapo hapo kwenye ufa.

Wangila alifika kwenye lango letu la mabati. Akasimama. Akaangalia nyumba, kisha akakumbuka kwamba niko ndani, akageuza uso haraka. Akanyanyua jerikeni. Nikafumba jicho.

Halafu nikasikia kwo!

Nikafumbua. Amelipindua. Halikutoka hata tone. Amelikalia, mgongo ameuegemeza kwenye lango letu, kama ninavyomjua kila Jumapili.

Nilitaka kucheka. Lakini hapo hapo honi ikalia. Pikapu ya Kiprono ilikuwa nyuma yake, wazee wamevaa kofia, akina mama wawili wamebeba vikapu. Lango limefungwa na mtu.

Kiprono akashuka, akavua kofia.

"Habari yako, ndugu. Tunaomba njia."

"Nzuri, mzee," akajibu Wangila bila kuinuka. "Mningojee kidogo. Kuna sinema sijaimaliza."

Kiprono akamwangalia. Akaliangalia lile jerikeni. Mwanaume mwingine angemvuta shati. Lakini Kiprono, kwa ile tabia yake mbaya ya kuwa mtu mzuri, alirudi akazima gari.

Kuku walikuwa wakichakura. Kisha Wangila akainua sauti, uso bado barabarani, mgongo kwetu.

"Mama."

Tangu amuoe binti yangu hajawahi kuniita.

"Mama, Jumapili walikata waya. Ulisema lango linafunguliwa, na anayetoka ni... Hukumaliza. Nimeenda mpaka kwa wasomi kuuliza, wakanipa maneno yao. Siyataki hayo. Nimekaa wiki nzima nikingoja ya kwako. Endelea."

Beldina akanigeukia. Macho yake yalikuwa yanapanga mambo, moja moja: banda, Jumapili, jerikeni, mama na maikrofoni.

"Mama, anaongea habari gani?"

"Ni sinema tu."

"Ni ile ya kuku na msamaha? Ile ambayo Muhonja ananichekea nayo?"

"Beldina..."

"Kumbe ni wewe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Muda huu wote nasikia Wangila anataka kuja, Wangila anajuta. Kumbe aliyekuwa anajuta ni wewe?"

"Na yeye pia. Hebu mwangalie alivyokaa."

"Naona amekaa. Akiingia hapa leo, mama, ataingia kwa maneno ya nani?"

Wasomaji wangu, mimi nimesema kwa niaba ya wafalme. Nimesema kwa niaba ya majoka. Swali hilo lilinikuta mdomo mtupu.

"Mama!" akaita Wangila nje. "Nipo. Endelea."

Nikiendelea, atafanya nitakachosema, na binti yangu atajua ni mimi niliyesema. Nikinyamaza, mtu yule anaweza kukaa pale hadi mwaka ujao. Ninamjua. Na wazee wa Mautuma hawakuletwa hapa kuota jua.

Nikaweka mdomo kwenye ufa.

"Lango linafunguliwa pole pole," nikasema, "na anayetoka ni..."

Kiganja cha Beldina kikafunika mdomo wangu. Kilinuka vitunguu. Akakibana hapo, jicho lake moja kwenye ufa, machozi yakishuka.

Nje wakangoja. Wangila akangoja. Kiprono akiwa na kofia mkononi akangoja. Nami nilikuwa nyuma ya mkono wa mtoto wangu, siwezi kusema, siwezi kutoka.

Ndipo jerikeni likalia kwo! vile linavyolia mtu akiinuka.